Nyamazisha Baba

Kazini walimwita Bi Logi, na yeye alilipokea jina hilo kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba programu ikiumwa, inasema. Usicheke, ni kazi ya watu wazima. Programu nyingi zikipatwa na jambo hufa kimyakimya, au huropoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mtu aliye mbele ya kompyuta hubaki anakuna kichwa asijue amuite nani. Bi Logi alikuwa ameandika kifurushi cha lugha ya programu iitwayo Python, yaani fungu la maagizo ya kompyuta ambalo waandishi wengine wa programu hulichukua na kulichomeka kwenye kazi zao. Fungu hilo hudaka kila hitilafu, huipa jina, huieleza kwa Kiswahili cha kueleweka, kisha huiandika kwenye logi: mfululizo wa mistari, mmoja kwa kila tukio, wenye saa na mahali jambo lilipotokea.

Kulitumia hakukuhitaji picha wala vitufe vya kubofya. Ulifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, ambamo kuna kuchapa maneno tu, ukatoa amri. Amri nazo alizitunga kwa Kiswahili. Ukichapa logi onyesha, mistari inateremka. Ukichapa logi tafuta na jina la hitilafu, inakuletea za jina hilo peke yake. Na kama hitilafu fulani imekuchosha kwa kelele zake, ipo logi nyamazisha. Wenzake walimcheka mwanzoni, wakasema mashine haijui Kiswahili, lakini walipoionja hakuna aliyetaka kurudi kwenye mambo ya zamani.

Kuna tabia moja iliyomkera kuliko zote. Katika Python mtu anaweza kudaka hitilafu halafu asifanye nayo lolote, akaipitisha kana kwamba haikutokea. Pale kazini tabia hiyo waliiita kumeza. Aliyekutwa amemeza hitilafu alisemwa na Bi Logi mbele za watu mpaka atamani kwenda likizo. "Umeona jambo, sema," ndivyo alivyowaambia. "Kama huna la kusema, ulidakia nini?" Yaweke maneno hayo mahali, maana atakuja kuyala mwenyewe.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, na biashara yao ilikuwa kuangalia majokofu ya dawa na chanjo. Kila jokofu lilifungwa kipimajoto, na kila kipimajoto kilituma habari zake kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi: nina baridi ya kutosha, sina, mlango umeachwa wazi. Bosi, mtu wa kupenda kuonekana, alikuwa amepachika skrini kubwa mapokezini ili wageni waone logi ikiteremka mchana kutwa. Wageni hawakuelewa hata chembe, lakini walipenda, na bosi alipenda walivyopenda.

Sasa nikwambie habari za baba yake, maana bila huyo hakuna kisa.

Mzee alikuwa mtangazaji wa stesheni. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza ndani ya kichumba cha vioo juu ya majukwaa ya treni, kipaza sauti mdomoni, akiwaambia abiria treni ipi inaingia wapi na ipi imechelewa. Na kila tangazo alilisema mara mbili, kama kanuni ya kazi ilivyotaka. "Abiria wa treni ya asubuhi, treni yenu itaingia jukwaa la pili badala ya la kwanza. Narudia. Abiria wa treni ya asubuhi, treni yenu itaingia jukwaa la pili badala ya la kwanza." Kazi ikamwingia damuni. Nyumbani mezani husema, "Mboga imezidi chumvi," anatafuna kidogo, halafu, "Narudia, mboga imezidi chumvi." Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa: "Treni imesikia, baba."

Bi Logi alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza kwa nini. Mzee akamweleza kwa utaratibu kwamba jukwaani watu hawaji kusikiliza. Huyu ana mizigo, yule ana mtoto analia, huku injini inapiga honi. Ukisema mara ya kwanza, wanagundua tu kwamba kuna mtu anasema. Wanainua kichwa. Ukirudia, ndipo wanasikia. Mtoto akaelewa vizuri sana, na kwa ujanja wake wa kitoto akajipatia nafuu: tangu siku hiyo hakuhangaika tena na mara ya kwanza. Baba akianza kusema, yeye anaendelea na mchezo wake. Akisikia "narudia", anainua kichwa. Akakua hivyo, akasoma hivyo, akapata kazi, na hakuwahi hata siku moja kujua kwamba ana tabia hiyo.

Mzee alistaafu, mkewe akatangulia mbele ya haki, akabaki na vyumba vyake viwili karibu na reli. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti nene na roho nyepesi, ambaye cherehani yake ilimfanya mzee asijione yuko peke yake. Bi Logi alikwenda kumwona Jumapili. Siku nyingine zote mzee alipiga simu, mchana, saa ya chakula. Alijivunia binti yake hadi ikawa kero kwa watu. Mtu akimuuliza binti yako hufanya kazi gani, alijibu, "Kazi yangu ileile. Anatangaza. Ila yeye anawafundisha mashine watangaze." Alisema hivyo kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa, kwa kinyozi, na kila mmoja alisikia mara mbili.

Basi mchana mmoja kipimajoto cha zahanati fulani kilipatwa na wazimu. Mtandao ulikuwa unakatika huko, kikituma ujumbe hakipati jibu, kisipopata jibu kinatuma uleule tena. Skrini nzima ikawa mstari mmoja unaojirudia. Bi Logi alikuwa anatafuta namna ya kuidaka hitilafu hiyo, na kifurushi kilikuwa kinamsubiri aipe jina, simu ikaita. Mikono ikiwa na kazi, akaiweka kwenye spika.

"Mwanangu, huku mawingu yametanda, kama ulianika nguo kaanue. Narudia. Huku mawingu yametanda, kama ulianika nguo kaanue."

"Sawa, baba. Ahsante."

Kwenye meza ya jirani alikaa mwandishi wa programu mwenzake waliyemwita Mdomo, na jina lilimkaa. Mdomo akaitazama skrini, akaitazama simu, akaitazama skrini. "Dada," akasema, "mzee wako yumo humu ndani."

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Na kicheko kikiwa bado kiko kooni, Bi Logi akaichapa hitilafu ile jina lake: BABA. Akaiandikia na maelezo, kwa sababu kila hitilafu lazima iwe na maelezo: Anarudia yaleyale. Hakuna jipya. Puuza. Kisha akachapa amri, logi nyamazisha baba, na skrini yake ikatulia; ile ya mapokezini tu, kwa agizo la bosi, haikunyamazishwa kitu.

Ilikuwa utani, na kusema kweli haukuwa na sumu. Lakini utani ukipata miguu unakwenda usikotumwa. Ofisi nzima iliupokea. Bosi akirudia jambo kikaoni, mtu ananong'ona nyamazisha baba. Mteja akipiga simu mara ya tatu, nyamazisha baba. Hata wageni waliofunzwa kutumia kifurushi walianza na amri hiyo kwa sababu ilichekesha na haikusahaulika. Bi Logi aliisikia kila siku, na kila siku alitabasamu. Hakumwambia baba yake. Kitu ambacho huwezi kumwambia baba yako, mwenyewe unajua ni kitu gani.

Jumapili moja aliondoka kwa mzee akasahau miwani yake juu ya redio. Jumatatu akafanya kazi kwa miwani ya zamani iliyovunjika mkono, amesogeza uso kwenye kompyuta kama anainusa. Ilipokaribia saa ya chakula alikwenda jikoni kuchukua maji, na alipokuwa akirudi na glasi mkononi akasikia mapokezini sauti iliyotangaza treni maisha yake yote.

Mzee hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alikuwa amevaa koti lake la stesheni, lile la vifungo vya shaba ambalo huvaliwa kwa mambo makubwa tu, na alikuwa amesimama karibu sana na skrini ya ukutani, kwa sababu jicho lake la kulia lilikwisha kuota mtoto wa jicho na la kushoto lilianza kufuata. Mpokea wageni alikuwa ametoka, kwa hiyo aliyempokea alikuwa Mdomo.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Nimeleta miwani ya yule binti wa logi. Narudia, nimeleta miwani ya yule binti wa logi." Akageukia tena skrini, na kwa sauti yake ya kazi, polepole, akasoma mstari uliokuwa unapita. "Baba. Anarudia yaleyale. Hakuna jipya. Puuza." Akanyamaza kidogo. "Huyu ni baba gani?"

Hapo ndipo Bi Logi alipaswa kutokea. Hatua chache tu. Angesema, shikamoo baba, huu ni upuuzi wetu, njoo ukae, na jambo lingeisha kwa kicheko cha nusu na aibu ya siku moja. Badala yake akasimama nyuma ya kabati kubwa la mafaili, glasi mkononi, kama mwizi aliyesikia mlango. Alijiambia, ngoja kwanza. Ngoja nini, hakujua.

Mdomo, ambaye hakuwa mtu mbaya ila husema kabla ya kusikia, alifurahi kupata msikilizaji. "Hilo ni jina tu, mzee. Ni hitilafu inayorudiarudia mpaka inakera. Aliipa jina huyohuyo dada mwenye miwani. Anaye mzee wake, basi kila akipiga simu ni narudia, narudia. Sisi hapa tunamjua wote, ingawa hatujawahi kumwona."

"Alaa," akasema mzee.

"Halafu kuna amri yake. Unachapa tu, nyamazisha baba, kwisha habari."

"Na huyo baba akinyamazishwa," mzee akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeulizia nauli, "anajua kwamba amenyamazishwa?"

"Hajui, mzee. Yeye anaendelea kusema hukohuko aliko. Ni sisi ndio hatumsikii."

Bi Logi alihisi uso unamwaka. Akasikia kifuko cha miwani kikiwekwa juu ya meza.

"Nashukuru kwa kunielewesha. Mpe mwenyewe."

"Nimwambie imetoka kwa nani?"

"Kwa mtu wa stesheni," akasema mzee. Alisema mara moja. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Mdomo alimletea miwani akamwambia mzee mmoja nadhifu wa stesheni ameileta, mzee mwerevu, aliuliza swali ambalo hata mafunzoni hawaulizi. Bi Logi akasema ahsante. Aliyewafokea watu kwa kumeza hitilafu alikuwa amedaka kubwa kuliko zote, ameishika mkononi nzima nzima, na akaimeza pamoja na maji ya kwenye glasi. Akaivaa ile miwani, na kwa kuwa sasa aliona vizuri, akaona mistari yote.

Mchana huohuo alibadili jina. Alifungua dirisha jeusi akaiita hitilafu ile MARUDIO, akafuta yale maelezo, akaandika mengine ya heshima. Kisha akachapa logi tafuta baba, ahakikishe ameisafisha. Hapo ndipo alipokumbuka sifa aliyokuwa akiwauzia wateja: kifurushi chake hakifuti yaliyopita. Mistari ikaanza kuteremka, baba anarudia yaleyale, baba anarudia yaleyale, ya wiki hii, ya mwezi ule, hadi akalifunga dirisha.

"Dada, baba kaenda wapi?" Mdomo akauliza kesho yake.

"Nimembadilisha jina."

"Ah, na tulishamzoea."

Siku mbili tatu mzee hakupiga. Bi Logi naye hakupiga, akajidanganya kwamba anamwacha apumzike. Kisha simu ikaita, saa ileile ya chakula.

"Mwanangu, hujambo? Huku ni salama. Jumapili ukija, kuna viazi."

Akasubiri. Kule upande wa pili ilisikika cherehani ya jirani, basi.

"Haya, kazi njema," akasema mzee, akakata.

Mara ya kwanza alikwenda kulia chooni. Akala kiapo kwamba Jumapili ataomba radhi. Jumapili ikafika, viazi vikaliwa, mzee alikuwa mchangamfu kama kawaida ila kila jambo alilisema mara moja na kulikomesha hapo. Bi Logi alipiga moyo konde, akafungua mdomo, akasema, "Baba, viazi vitamu." Jumapili ya pili vivyo hivyo. Na hapa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe hangependa lisemwe: kufikia wiki ya tatu alianza kuona nafuu. Simu zilikuwa fupi. Kazi haikatiki. Aibu nayo ilikuwa imekaa mahali pake, haimsumbui asipoigusa. Mtu anaweza kumkosea mzazi wake na bado akafurahia kuokoa dakika.

Jumatatu moja majokofu mawili yalipiga kelele kwa pamoja. Mdomo alikuwa anasoma joto kwa sauti, bosi amesimama nyuma ya kiti, Bi Logi anachapa amri juu ya amri, na simu iko kati ya bega na sikio.

"Mwanangu," akasema mzee, na akasema maneno mengine.

"Sawa, baba. Hamna shida."

"Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

"Haya. Nashukuru sana." Akakata.

Vidole vikamsimama juu ya vitufe. Kulikuwa na neno Alhamisi, hilo alilishika. Na kulikuwa na kitu kama asubuhi. Mengine yalipita sikioni yakatokea upande wa pili. Akataka kupiga simu aulize, lakini Mdomo akaita kwamba joto la jokofu la pili linapanda, na ndani ya kichwa chake sauti ya utotoni ikamtuliza: lingekuwa jambo kubwa, angerudia. Akaendelea na kazi. Majokofu yalipona kabla ya jioni.

Alhamisi asubuhi aliyepiga simu alikuwa fundi cherehani, na sauti yake nene ilikuwa imekaza.

"Mdogo wangu, uko wapi wewe? Tumekusubiri hapa hospitali ya macho mpaka wametuita ndani, na karibu wanamaliza. Mzee anasema umemwahidi."

Bi Logi aliacha kompyuta wazi. Hospitali ya macho ilikuwa mwendo wa mitaa michache, akatembea, akakimbia, akatembea, koti limekaa upande. Njiani ndipo Jumatatu ilipomrudia kipande kwa kipande, kama mtu anayekumbuka ndoto: jicho, wanafanya Alhamisi, wanataka ndugu wa karibu, nikuombe wewe. Nitaweza, baba. Alikuwa amesema nitaweza.

Dirishani kwa muuguzi alijieleza akihema.

"Yule mzee wa stesheni?" Muuguzi akapitisha kidole kwenye karatasi. "Ameshamaliza, yuko chumba cha mapumziko. Lakini tunaruhusu mmoja tu, na binti yake yuko naye ndani."

"Binti yake?"

"Ndiye aliyemsainia. Wewe ni nani wake?"

Lilikuwa swali la kawaida, muuguzi aliuliza hata bila kuinua macho, na watu nyuma yake walikuwa wanasubiri zamu. Bi Logi alitafuta jibu, na lile moja alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumika. Akasema, "Nitasubiri." Akaenda kukaa kwenye benchi kati ya watu wenye macho yaliyofungwa bandeji, mikono magotini, akiinamia sakafu.

Fundi cherehani alitoka baadaye, uzi umemnata kwenye kanga. Hakumfokea, na afadhali angemfokea. "Wangemrudisha nyumbani," akasema, kana kwamba yeye ndiye wa kujitetea. "Wameuliza ndugu yuko wapi, nikasema mimi binti yake. Usinifikirie vibaya, mdogo wangu."

"Ahsante," akasema Bi Logi. "Ahsante sana, dada." Hakuweza kumtazama.

Mzee alikuwa amelala chali, jicho la kulia limefungwa bandeji nyeupe, koti la vifungo vya shaba limekunjwa vizuri miguuni. Ule ulikuwa ni ukumbi zaidi kuliko chumba, vitanda kwa safu, na kwenye korido mtu alikuwa anasukuma kigari cha dawa kutoka kitanda hadi kitanda.

"Umekuja," akasema mzee.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumatatu. Ukasema sawa."

"Sikusikia, baba. Kulikuwa na kelele, mimi... Mbona hukurudia?"

Mzee alipapasa shuka, akalinyoosha palipokuwa pamenyooka. "Mwanangu, mimi nilidhani najulikana kwa kurudia nyumbani tu. Sikujua nimefika mpaka ofisini kwa watu."

Basi yakamtoka yote. Akamwambia ni kweli, ni yeye aliyelitunga lile jina, ni yeye aliyeandika puuza, na kwamba siku ile alikuwa palepale, nyuma ya kabati, alisikia kila neno na hakutokea. Alisema huku machozi yanamdondokea mikononi, na hakuyafuta kwa sababu hakujiona anastahili hata kufuta.

"Najua ulikuwapo," akasema mzee.

"Ulijuaje? Hukuniona."

"Nilikusikia unakuja. Hatua zako nazijua tangu unajifunza kutembea. Halafu nikasikia umesimama. Nikangoja kidogo. Ndiyo maana nilimuuliza yule kijana lile swali, nilikuwa nakungoja."

Hakuna tusi duniani ambalo lingemfikia mahali hapo. Wiki zote zile alidhani baba yake aliumizwa na mstari wa kwenye skrini, na huo angeweza kuubadilisha jina, na aliubadilisha. Kumbe mzee alisimama mapokezini mwa watu, na koti lake la mambo makubwa, akiuliza maswali ya kupoteza muda ili mtoto wake apate nafasi ya kutoka nyuma ya kabati. Akampa nafasi ya kwanza. Akampa ya pili.

"Nisamehe, baba," akasema. Akainama karibu na mto. "Nisamehe."

Mzee akamgeuzia lile jicho lake lililobaki, lenye ukungu, akamtazama muda mrefu. Kisha midomo yake ikafunguka, akasema neno. Yalikuwa maneno matatu, pengine manne. Na wakati huohuo kigari cha dawa kilipita nyuma ya mgongo wa binti, gurudumu bovu linagonga sakafu, chupa zinagongana, mtu anaita jina la mgonjwa, na kilipomaliza kupita mzee alikuwa amekwisha kusema.

Bi Logi akainua kichwa, kama alivyoinua maisha yake yote pale sauti ya kwanza inapokwisha. Akangoja. Mzee alifumba jicho, akashusha pumzi, mkono wake umelala juu ya shuka karibu na wa binti yake bila kuugusa. Angeweza kumuuliza. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, rudia baba, na mtoto yeyote mwingine katika ukumbi ule angeyasema bila kufikiri. Yeye alikaa nayo mdomoni mpaka pumzi za mzee zikawa za mtu aliyelala, kwa sababu hakuwa na uso wa kumwomba arudie.